Mkanda wa kumridhisha trafiki si mkanda wa kumshika mtoto

Kombi nyingi za zamani zinazovuka mipaka yetu zikiwa zimebeba familia hazina mikanda viti vya nyuma. Kuifunga si kazi ngumu, lakini kuifunga vibaya ni rahisi zaidi.

Na Mwandishi Wetu, Arusha

TULIKUWA tumevuka Namanga bila usumbufu. Kituo ni kimoja kwa nchi mbili, bima ya kadi ya njano ya COMESA ilikuwa mkononi, na kabla ya saa nne asubuhi kombi ya kaka yangu ilikuwa imeshaingia Kenya ikielekea Naivasha. Huko tulipanga kulala kambini siku tatu, kando ya ziwa. Kilomita chache kabla ya Kajiado, trafiki akanyoosha mkono.

Hakuanza na leseni. Alifungua mlango wa pembeni, akamwamkia mama yetu, akawatazama watoto, kisha akauliza swali moja tu: "Mikanda iko wapi?"

Nyuma tulikuwa watano: mama, watoto watatu wa kaka, na mimi. Mkanda haukuwapo hata mmoja. Kaka akajitetea kwamba ametembea na gari hilo kutoka Arusha hadi Dodoma na hajawahi kuulizwa habari ya viti vya nyuma. Yule askari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza taratibu kwamba kwa Kenya mambo ni tofauti. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinatoza shilingi 1,000 za Kenya kwa kila kiti ambacho hakikufungwa mkanda, na shilingi 500 kwa abiria aliye na mkanda asiufunge. Viti vitano, shilingi 5,000.

Siku hiyo tuliachiwa kwa onyo, nadhani kwa heshima ya mama. Lakini kabla ya kufunga mlango, askari alimwambia: "Mama, gari hili likisimama ghafla, hawa wajukuu hawana cha kuwashika."

Tuliendelea na safari, watoto wakiwa wamekaa kimya kuliko kawaida yao. Tuliporudi Arusha, kaka aliapa kwamba safari ijayo mikanda itakuwapo. Ikawapo. Na hapo ndipo tulipokaribia kufanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Gari la kubebea watalii, sasa la familia

Kombi yenyewe ni Toyota HiAce ya zamani, yenye paa la kuinuka. Ilifanya kazi ya kupeleka watalii mbugani kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa. Magari ya namna hii ni mengi Arusha, Moshi, Nairobi na Mombasa. Kampuni zinaponunua mapya, ya zamani huuzwa kwa bei ambayo familia inaweza kuimudu. Mwenye gari huita fundi seremala, viti vinang'olewa, inawekwa benchi ya mbao inayokunjuka kuwa kitanda, kabati la vyombo, jiko la gesi, na kibenchi kingine cha kukalia ubavuni. Familia inapata chumba cha kulala chenye magurudumu.

Kinachong'olewa pamoja na viti vile ndicho kinachosahaulika. Kiti cha kiwandani hakikukaa tu sakafuni. Kilifungwa kwa boliti kwenye sehemu za bodi zilizoimarishwa kwa kazi hiyo, na kama kilikuwa na mkanda, mkanda nao ulikuwa na mahali pake maalumu. Benchi ya mbao inakuja na godoro zuri na kitambaa cha kupendeza, lakini haina lolote kati ya hayo.

Kombi nyingine hazikuwa na mikanda tangu mwanzo. HiAce nyingi zinazofika bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani zilitengenezwa kubeba mizigo, zikiwa na kiti cha nyuma cha kukunja chenye mkanda wa kiunoni tu, au bila kiti kabisa. Japani yenyewe iliwalazimisha abiria wa nyuma kufunga mikanda mwaka 2008. Viti vya ziada tunaviweka wenyewe, kwenye gereji zetu, kwa mafundi wetu. Usalama wa abiria wa nyuma, kwa sehemu kubwa, unatengenezwa hapa nyumbani.

Unga wa mbao

Fundi wa kwanza alimaliza kazi kwa saa mbili. Alinunua mikanda mitano ya mtumba, akaikata kwa urefu aliotaka, akaifunga kwa skrubu kwenye ubao wa benchi. Ilipendeza. Ilikuwa myeusi, safi, inabofya vizuri. Trafiki yeyote angefungua mlango, akaona, akatuambia safari njema.

Wifi yangu ndiye aliyeshtuka. Alimfunga mtoto wa mwisho, wa miaka mitatu, akavuta mkanda kwa mkono kuukaza, na ubao ukalia. Siku ya pili tulilipeleka gari kwa fundi bodi mmoja, mtu mzima, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye magari ya watalii.

Mzee huyo hakusema neno. Alipenyeza kipande cha nondo kwenye mkanda, akaegemeza mguu kwenye benchi, akavuta mara moja kwa nguvu zake zote. Skrubu mbili zilichomoka na unga wa mbao. "Dada," akaniambia, "mimi nina kilo sitini na tano, na nimevuta kwa mikono. Ajali haivuti kwa mikono."

Hesabu inamuunga mkono. Gari linalogonga kitu kigumu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linampa abiria kishindo sawa na cha kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 10, kama dirisha la ghorofa ya tatu. Mwili ukisimamishwa ndani ya nusu mita, mzigo unaobebwa na mkanda ni karibu mara 20 ya uzito wa mtu. Mtoto wa kilo 15 anauvuta mkanda kwa uzito wa kilo 300. Mtu mzima wa kilo 70 anauvuta kwa karibu tani 1.4.

Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu mahali pa kufungia mikanda, Kanuni namba 14, haina huruma. Kwa magari madogo ya abiria, mahali hapo panavutwa kwa nguvu ya kilonyutoni 13.5 kwenye mkanda wa bega, na nguvu kama hiyo kwa wakati uleule kwenye mkanda wa kiuno. Hiyo ni sawa na kuning'iniza gari dogo kwenye kila kipande. Mkanda wa kiunoni pekee unajaribiwa kwa nguvu kubwa zaidi, kilonyutoni 22.25, kwa sababu hauna mwenza wa kugawana naye mzigo. Hakuna skrubu ya mbao inayoweza kuubeba mzigo huo.

Hesabu hiyohiyo inajibu hoja ya wazazi wengi kwamba mtoto nitampakata. Hakuna mikono inayoweza kushika kilo 300. Na mzazi aliyejifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto mapajani ndiye anayembana mtoto huyo kwa uzito wake wote.

Jinsi kazi inavyofanywa

Mzee alianza kwa kung'oa, si kwa kufunga. Benchi ya mbao ilitoka yote. Kisha akalala chini ya gari na tochi, akagonga sakafu kwa nyundo ndogo akisikiliza kutu. Bati lililoliwa na kutu halifungwi mkanda kabla halijakatwa na kuwekwa jipya. Alitaka pia kujua tangi la mafuta na mabomba ya breki yanapita wapi, maana fundi anayetoboa sakafu kutokea juu bila kuangalia chini anaweza kutoboa tangi.

Hatua ya pili ilikuwa kutafuta matundu ya kiwandani. Magari mengi yaliyowahi kutengenezwa kwa toleo la abiria yana matundu ya viti na mikanda yenye nati zilizochomelewa kwa ndani, yamefichwa chini ya zulia au nyuma ya plastiki za ukutani. Kwenye kombi ya kaka tuliyakuta manne yakiwa yamezibwa kwa rangi na vumbi la miaka. Matundu hayo ni mali. Mhandisi wa kiwandani alishapiga hesabu ya mahali nguvu itakapopita, na mtu wa gereji hana sababu ya kushindana naye.

Hapo kuna mtego mmoja mdogo. Boliti za mikanda, hata kwenye magari ya Kijapani ambayo kila kitu chake kinapimwa kwa milimita, kwa kawaida ni za inchi 7/16 zenye meno ya karibukaribu. Unene wake ni milimita 11 na ushee. Fundi asiyejua hujaribu boliti ya milimita 10, ikacheza, au ya milimita 12, akailazimisha na kuharibu meno ya nati. Boliti inayofaa ni ile ya mkanda yenyewe, iliyotoka na mkanda kwenye gari la mtumba. Ni chuma kigumu. Boliti ya kawaida ya dukani inafanana nayo kwa sura tu.

Pale pasipo na tundu la kiwandani, bati tupu la sakafu halitoshi. Boliti ikivutwa, itapasua bati na kutoka nalo, kama kifungo kinavyong'oka na kipande cha shati. Dawa yake ni bamba la chuma chini ya sakafu, unene wa angalau milimita 3, upana wa kutosha kueneza mzigo, kona zake zikiwa zimeviringwa zisikate bati. Pazuri zaidi ni palipo karibu na mihimili ya bodi. Kuchomelea kipande cha chuma juu ya bati jembamba na kukiita kishikio hakusaidii, kwani moto wa kuchomelea hudhoofisha bati pembeni ya mshono, na kutu huanzia hapohapo.

Kiti chenyewe kilitupa shida kubwa zaidi. Kaka alitaka benchi ya kitanda ibaki, mikanda ipite katikati yake hadi kwenye sakafu. Mzee alikataa. Mkanda ukishika vizuri lakini kiti cha mbao kikavunjika chini ya abiria, mwili unateleza mbele chini ya mkanda, na mkanda unaotakiwa kukaa kwenye mfupa wa nyonga unapanda tumboni, kwenye nyama laini. Tuliishia kununua kiti cha mtumba cha HiAce ya abiria ya toleo lilelile, cha watu watatu, kikiwa na mikanda yake na miguu yake, kikafungwa kwenye matundu yake. Kitanda sasa ni mbao mbili na godoro linalokunjwa. Tukifika kambini kiti kinalazwa, mbao zinapangwa juu yake, watu wanalala.

Kibenchi cha ubavuni nacho tuliambiwa kibaki cha kunywea chai gari likiwa limesimama. Mtu aliyekaa akitazama dirisha hurushwa kiubavu gari linapogonga kwa mbele. Mkanda wa bega ukiwapo utamkata shingoni, na wa kiuno peke yake utaacha mwili wa juu ujikunje upande. Hakuna namna nzuri ya kumfunga mkanda mtu aliyekaa hivyo.

Kuhusu mikanda ya mtumba, mzee alikuwa na masharti yake. Ule uliochanika, uliochomwa na jua hadi ukakakamaa, au uliotoka kwenye gari lililogongwa vibaya, hautakiwi, kwa sababu nyuzi zake zinaweza kuwa zimeshavutika mara moja na hazitavutika tena. Kukata mkanda na kuushona kwa cherehani ya fundi viatu ni marufuku. Kile kikopo kinachouvuta mkanda na kuukaza ndani yake kina kigololi au pendulamu inayohisi gari linapopunguza mwendo ghafla. Kikifungwa kimeinama tofauti na kilivyokusudiwa, ama kitajikaza muda wote ama hakitajikaza kabisa. Jaribio ni rahisi: uvute mkanda polepole, utoke, uvute kwa mshtuko, ukatae. Kisha dereva aende mwendo wa kutembea uwanjani na kukanyaga breki, mtu mwingine akiangalia kama mkanda unakaza.

Mkanda wa bega nao utokee kwenye usawa wa bega au juu yake. Ukitokea chini ya bega, wakati wa kishindo utamkandamiza abiria uti wa mgongo kuelekea chini. Kwa mtoto mdogo mkanda wa mtu mzima unapita shingoni, kwa hiyo anahitaji kiti chake, au kiti cha kumwinua kama ameshakua kidogo, na viti hivyo vyenyewe vinafungwa kwa mkanda wa gari. Mkanda mbovu unakiharibu hata kiti kizuri cha mtoto.

Mwisho ni mizigo. Dumu la maji la lita 20 lisilofungwa, kwenye ajali ileile ya kilomita 50, linakuja mbele kwa uzito wa kilo 400. Mtungi wa gesi, sufuria na betri ya taa vyote vinataka mkanda wao, au kamba ya kukaza iliyofungwa kwenye chuma.

Sheria inaona utepe, haioni boliti

Mkanda wa pointi tatu ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Shirika la Afya Duniani linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya abiria kufa kwa hadi asilimia 50. Dunia inapoteza watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka barabarani, na kifaa hiki ni miongoni mwa vilivyo rahisi kuliko vyote.

Nchi zetu zimekipokea kwa mwendo tofauti. Kenya ilitangulia kwa kishindo Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipodai mikanda kwenye kila kiti cha matatu pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimlenga dereva na abiria wa kiti cha mbele, na watetezi wa usalama barabarani wameomba kwa miaka mingi iguse kila kiti. Uganda ina kanuni zake za mikanda. Rwanda hupitisha magari kwenye ukaguzi unaosimamiwa na polisi. Familia inayotoka Mwanza kwenda Kampala, au Arusha kwenda Nakuru, haibadilishi gari mpakani, lakini kinachotakiwa kiti cha nyuma kinabadilika.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inajua kufanya mambo haya kwa pamoja inapotaka. Ina sheria ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, ili lori lisipimwe kwa kipimo kimoja Kenya na kingine Tanzania. Sheria ile inalinda lami. Mikanda ya nyuma bado ni ya kila nchi na lake, na hata pale sheria inapoidai, ukaguzi wa barabarani unaishia kwenye kile jicho linachokiona: utepe mweusi na kifungo kinachobofya. Mikanda ya fundi wetu wa kwanza ingepita kila kizuizi kutoka Arusha hadi Naivasha.

Kinachohitajika si kikubwa. Mkaguzi wa gari lililobadilishwa viti angelala chini na tochi, akatafuta bamba na boliti, akaandika kwenye cheti idadi ya viti vyenye mikanda iliyofungwa kwenye chuma. Cheti hicho kikubalike pande zote mbili za mpaka, kama kadi ya njano inavyokubalika. Mafundi wa Gerezani, Katwe na Barabara ya Kirinyaga wana ujuzi wa kuifanya kazi hii. Wanachokosa ni mtu wa kuwadai waifanye vizuri, na mteja anayejua cha kuuliza.

Mteja ana maswali matatu tu. Mkanda umefungwa kwenye nini? Chini ya sakafu kuna bamba? Kiti chenyewe kimeshikwa na nini? Fundi akijibu "usijali", hiyo ni dalili ya kwenda kwa mwingine.

Hesabu mpya ya abiria

Kazi ya mzee ilichukua siku mbili na iligharimu zaidi ya ile ya kwanza, ingawa mikanda yenyewe haikuwa ghali. Gharama kubwa ilikuwa nyingine. Zamani kombi ilibeba saba, na siku za sikukuu hata tisa. Sasa ina viti viwili mbele na vitatu nyuma, vyote vina mikanda, basi. Jioni moja mezani kaka aliigawa familia yake kwa idadi ya mikanda na hesabu ikakataa.

Mama alisema yeye atabaki. Watoto wakapinga kwa kelele. Mwishowe ilikubaliwa kwamba mama anakaa katikati ya wadogo wawili, wa mwisho kwenye kiti chake cha mtoto, na wa miaka saba kwenye kiti cha kumwinua. Mimi na mkubwa wao, wa miaka 14, tutapanda basi.

Tulisafiri hivyo. Basi letu liliondoka stendi ya Arusha alfajiri, na nilichagua viti ambavyo mikanda yake niliivuta kwanza. Tulipofika Namanga kombi ilikuwa imetutangulia. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mkanda bado kiunoni ingawa gari lilikuwa limezimwa, akimmenyea mjukuu chungwa. Nikamwambia afungue, bado tuna foleni ya uhamiaji.

"Nifungulie wewe," akasema. "Hawa wamenifunga, mimi sijui kinapobonyezwa."